Jeraha, Neno na Namba: Somo la Kuainisha kwa Darasa la Sita

Utangulizi

Mwanafunzi-mwalimu hujifunza chuoni namna ya kuandaa somo, kutunza daftari la mahudhurio na kusahihisha kazi za wanafunzi. Lipo jambo moja ambalo aghalabu hujifunza akiwa tayari kazini, na mara nyingine kwa kuchelewa, nalo ni kuandika barua ya kumpeleka mtoto aliyeumia kituo cha afya. Barua hiyo huwa fupi, huandikwa kwa haraka, na mwandishi wake huwa ameshughulika zaidi kumtuliza mtoto na kuwatawanya wenzake waliokuja kutazama. Hata hivyo, hayo ndiyo maandishi ya kwanza juu ya jeraha lile. Muuguzi, daktari na karani wa kumbukumbu, wote watajenga juu yake.

Katika makala hii tunakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, jinsi maelezo ya jeraha yanavyogeuzwa kuwa namba katika kumbukumbu za hospitali. Pili, jinsi mwalimu wa skuli ya msingi anavyoweza kuitumia kazi hiyo kufundishia kuainisha, maarifa ambayo yamo ndani ya sayansi, hesabu na lugha kwa pamoja. Hoja yetu ni moja tu: namba haiwezi kuwa sahihi kuliko neno lililoandikwa kabla yake.

Barua ya maneno sita

Miaka kadhaa iliyopita tulifuatana na wanafunzi-walimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye skuli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Siku hiyo somo lilikuwa viumbe vya baharini, na darasa zima lilitoka kwenda ufukweni maji yalipokupwa. Upande huo, Paje, Jambiani na vijiji jirani, kilimo cha mwani kimekuwa kazi kubwa ya wanawake tangu mwaka 1989. Mashamba yao hupangwa kwa vigingi vya mti vilivyokitwa mchangani, na kamba za mwani hufungwa baina ya kigingi na kigingi.

Mtoto mmoja wa kike alikanyaga kigingi kikongwe kilichokuwa kimefichika majini. Kikavunjika. Tundu lililobaki unyayoni lilikuwa dogo kuliko punje ya mahindi, na damu haikuwa nyingi. Tuliosha jeraha kwa maji safi, tukalifunga kwa kitambaa, kisha tukaandika barua: "Mtoto huyu ameumia mguuni, tafadhali mtibuni." Barua akapewa kaka yake, ambaye hakuwapo ufukweni.

Kule alikopelekwa waliuliza kilichomchoma. Kaka akasema huenda ni jiwe, na mtoto mwenyewe alinyamaza kwa woga. Jeraha likasafishwa, likafungwa. Siku ya nane mguu ulikuwa umevimba na usaha unatoka, ikalazimu apasuliwe hospitali. Ndani kilitolewa kipande cha mti chenye urefu wa ukucha wa kidole gumba. Mtoto alikosa masomo kwa wiki tano.

Hatumlaumu muuguzi, wala kaka, wala mtoto. Sisi ndio tuliokiona kigingi kimevunjika, na hatukuandika. Maneno matatu zaidi, "kigingi kilivunjika unyayoni", yangemfanya aliyelitazama jeraha atafute kipande kilichobaki. Na ilihitajika kutafuta kwa makusudi, kwa sababu kipande cha mti hakionekani vizuri katika picha ya eksirei kama kinavyoonekana kipande cha chuma.

Namba za hospitali zinatoka wapi

Mwalimu wa Kiswahili hatashangazwa na fikra ya kuainisha. Sisi tumezoea kuyapanga majina katika ngeli, na twajua kwamba ngeli moja ikikosewa, sentensi nzima hupotoka. Madaktari nao wanazo ngeli zao. Kila ugonjwa na kila jeraha hupangwa katika fungu, na fungu hupewa alama ya herufi na tarakimu iitwayo msimbo. Faida yake ni kwamba jeraha lililoandikwa Makunduchi kwa Kiswahili na lililoandikwa Paris kwa Kifaransa huweza kuhesabiwa pamoja bila ya mkalimani.

Kazi hii ina historia ndefu. Katika mwaka 1853 mkutano wa wataalamu wa takwimu uliofanyika Brussels uliwataka William Farr wa Uingereza na Marc d'Espine wa Geneva watayarishe orodha moja ya sababu za vifo itakayofaa nchi zote. Orodha iliyokubaliwa kwa upana zaidi ilitengenezwa na Mfaransa Jacques Bertillon, ikapitishwa Chicago mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo na kutoa toleo la sita mwaka 1948, ambalo halikuwa la vifo tu bali na la magonjwa na majeraha. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022.

Kwa somo letu tumechagua misimbo ya toleo la 10, kwa sababu mpangilio wake wa majeraha ni mwepesi kwa mtoto kuuona. Majeraha ya sehemu moja ya mwili huanza na herufi S. Tarakimu ya kwanza baada ya herufi hutaja mahali:

0 kichwa na uso
1 shingo
2 kifua
3 tumbo, kiuno na nyonga
4 bega na sehemu ya juu ya mkono
5 kisugudi na kigasha
6 kifundo cha mkono na kiganja, pamoja na vidole
7 paja na kiungo chake cha juu
8 goti na muundi
9 kifundo cha mguu na wayo, pamoja na vidole

Tarakimu ya pili hutaja aina ya jeraha. Kwa darasa la sita zatosha tatu za mwanzo: 0 ni jeraha la juu juu kama mchubuko; 1 ni jeraha lililo wazi, yaani ngozi imekatika au imetoboka; 2 ni mvunjiko wa mfupa. Kwa hiyo S91 ni jeraha wazi la wayo au kifundo cha mguu, S60 ni mchubuko wa kiganja, na S52 ni mvunjiko wa kigasha. Tarakimu iliyo baada ya nukta huzidi kubainisha. Kidole cha mkono kilichokatika bila ya ukucha kuguswa ni S61.0, na ikiwa ukucha umeharibika ni S61.1. Majeraha ya kuungua hayamo humu, bali yana mafungu yake tangu T20 hadi T32.

Msimbo mwingine hutaja sababu. Kitu kilichoingia kwa kupenya ngozi, kama vile msumari au kibanzi, ni W45. Kioo kikali ni W25, na kuanguka kutoka mtini ni W14. Baada ya nukta huwekwa tarakimu ya mahali tukio lilipotokea: 0 nyumbani, 2 skuli, 7 shambani, na ufukwe umo katika 8.

Sasa na tumrudie mtoto wetu. Jeraha lake kwa haki lilikuwa S91.3, jeraha wazi la sehemu nyingine ya wayo isiyokuwa vidole wala kifundo, pamoja na W45.8. Lakini karani ambaye angeisoma barua yetu peke yake asingeweza kuandika hivyo. "Ameumia mguuni" humpeleka T13.9, fungu la jeraha lisilobainishwa katika mguu usiobainishwa sehemu. Fungu hilo ni kama kapu la mwisho sokoni, hutiwa kila kilichokosa bei. Atakayekusanya hesabu mwisho wa mwaka ili ajue ni watoto wangapi wamechomwa na vigingi ufukweni, huyu hatamwona.

Mguu ni neno pana

Hapa pana jambo linalomhusu mwalimu kwa namna ya pekee. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii, ila mazungumzo ya kila siku hayatulazimishi kuyatumia. Aliyechomwa na mwiba unyayoni husema ameumia mguu, na aliyevunjika paja husema vivyo hivyo. Aliyejikata kidole kwa mbuzi ya kukunia nazi husema ameumia mkono, sawa na aliyeteguka bega. Katika jedwali la misimbo, mguu wetu mmoja umegawanyika katika tarakimu tatu, 7, 8 na 9. Na mkono wetu mmoja katika 4, 5 na 6.

Vivyo hivyo kitenzi "kuumia". Mtoto aliyeteleza juu ya mawe makali ya uwandani hupata mchubuko. Aliyeshika wembe hupata mkato. Aliyekanyaga msumari hupata tundu. Aliyenasa kwenye bati hupata mpasuko wenye kingo zilizochanika. Aliyemwagikiwa na uji ameungua. Wote wameumia, lakini tiba zao si moja.

Kwa hiyo basi, mwalimu anayefundisha majina ya viungo vya mwili asitosheke na kichwa, mkono na mguu. Afike kwenye kigasha, kisugudi, kiganja, muundi, kisigino na unyayo. Maneno haya wazee wetu wa mjini na shamba wanayajua vyema. Mtoto akitumwa kumwuliza bibi yake jina la kila sehemu ya mkono, atarudi na hazina ambayo haimo kitabuni.

Mambo sita ya kuandika

Tumezoea kuwapa wanafunzi-walimu maswali sita. Barua inayoyajibu yote haizidi mistari saba.

1. Wapi mwilini? Taja sehemu, na taja kulia au kushoto.

2. Aina gani? Mchubuko, mkato, tundu, mpasuko, kuungua, au kuumwa na mnyama.

3. Kwa kitu gani? Taja kitu na hali yake: kisu safi, msumari wenye kutu, kigingi kilichovunjika, mwiba wa taa. Ikiwa kuna kipande kinachodhaniwa kubaki ndani, hilo liandikwe mwanzo.

4. Lini? Andika saa pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Saa zetu huhesabiwa tangu jua lichomoze, na za kimataifa tangu usiku wa manane. "Saa 4" pekee huweza kusomwa na mtu mwingine kuwa ni alfajiri, hali mtoto ameumia katikati ya asubuhi. Daktari anahitaji kujua umri wa jeraha, kwa kuwa jeraha chafu lililokaa muda mrefu mara nyingi huachwa wazi kwa siku kadhaa kabla ya kushonwa.

5. Ukubwa gani? Urefu kwa sentimita, kwa kukisia kando ya jeraha bila ya kuligusa kwa rula.

6. Limefanyiwa nini? Kuoshwa, kukandamizwa, kufungwa. Ikiwa nyumbani au njiani limetiwa majivu, unga wa kahawa, dawa ya meno au mafuta ya taa, iandikwe pia, bila ya kumwaibisha aliyetia.

Swali la tatu lina uzito mkubwa kwa ajili ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika samadi, na hustawi mahali pasipoingia hewa, kama vile ndani ya tundu jembamba. Dalili huanza aghalabu kati ya siku ya 3 na ya 21. Watoto wetu huchanjwa dhidi yake wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, lakini daktari akijua kilichomchoma mtoto ndipo aamuapo kama inahitajika chanjo ya kuongeza nguvu.

Yatupasa kusisitiza kwamba huduma hutangulia maandishi. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi bila ya kuachia kwa muda wa dakika 10, mikono yako ikiwa imekingwa kwa glavu au mfuko wa plastiki. Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kitu kikubwa kilichochoma na kubaki ndani kisichomolewe, bali kizungushiwe kitambaa na mtoto apelekwe. Aliyeungua amwagiwe maji ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Aliyeumwa na mbwa aoshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha apelekwe siku hiyo hiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa. Ndipo kalamu ishikwe.

Maandalio ya somo

Darasa: la sita. Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Shabaha: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze kutaja sehemu za mkono na mguu kwa majina yake, kuziainisha aina nne za jeraha wazi na la juu juu, kuunda msimbo wa S wenye tarakimu mbili, na kuandika maelezo ya jeraha yanayojibu maswali sita.

Zana: ubao na chaki za rangi, ndizi mbivu nne zenye maganda, wembe mmoja, ambao utabaki mkononi mwa mwalimu, jiwe la matumbawe, mwiba, kibanzi cha mti. Kabla ya kuingia darasani mwalimu akichome kibanzi ndani ya ndizi moja hadi kizame, na kubaki tundu dogo tu.

Hatua ya kwanza. Mwalimu achore umbo la mtu ubaoni. Wanafunzi waje mmoja mmoja kuandika majina ya sehemu waliyoyakusanya nyumbani. Majina mawili ya sehemu moja yakitokea, yote yaandikwe, kisha darasa lichague moja la kutumia siku hiyo. Hilo ndilo sharti la kwanza la kuainisha: watu wakubaliane jina moja kwa kitu kimoja.

Hatua ya pili. Mwalimu aonyeshe ndizi. Ya kwanza aikwaruze kwa jiwe, ya pili aikate kwa wembe mkato mrefu usiozama, ya tatu aichane ganda. Ya nne ni ile yenye kibanzi. Aulize: "Ni jeraha gani baya kuliko yote?" Kila tulipofundisha somo hili, darasa karibu zima lilichagua mkato mrefu. Mwalimu asiwasahihishe. Awape ndizi ya nne waimenye wenyewe. Kibanzi kitakapoonekana, darasa litanyamaza, na hapo ndipo mwalimu aulize: "Nani angelijua hili bila ya kuambiwa?"

Hatua ya tatu. Mwalimu aandike ubaoni orodha ya tarakimu za mahali na za aina. Wanafunzi waunde misimbo: mchubuko wa goti, mkato wa kichwa, mvunjiko wa paja. Majibu ni S80, S01 na S72. Kisha afanye kinyume, atoe S51 na S92, nao waseme kwa maneno. Ieleweke kwamba hatuwafundishi kukariri. Orodha ibaki ubaoni muda wote. Kinachopimwa ni uwezo wa kulipeleka jambo kwenye fungu lake.

Hatua ya nne. Wanafunzi waandike barua ya mistari saba juu ya mtoto wa kubuni. Kisha wabadilishane madaftari, na kila mmoja aunde msimbo kwa kuisoma barua ya mwenziwe, bila ya kumwuliza chochote. Atakayeshindwa kupata tarakimu hana kosa. Kosa ni la barua. Zoezi hili hufunza uandishi wazi kuliko kalamu nyekundu ya mwalimu.

Hesabu ndani ya jeraha

Msimbo wa jeraha hutaja lililompata mtu. Ipo misimbo mingine inayotaja alichofanyiwa. Kuosha jeraha ni kazi moja, kukata nyama iliyokufa ni nyingine, na kushona ni nyingine, wala hazifai kuandikwa kama kitu kimoja. Nchini Marekani chama cha madaktari kilitoa orodha yake ya kazi hizo mwaka 1966, na Shirika la Afya Duniani likatoa ya kwake mwaka 1978.

Orodha ya Marekani, ambayo hutumika kwao katika malipo, ina kanuni inayofaa sana kwa hesabu za desimali. Jeraha lililoshonwa hupangwa kwa kina chake, kundi la sehemu ya mwili, na urefu kwa sentimita. Majeraha yenye kina kimoja na yaliyomo katika kundi moja hujumlishwa urefu. Yaliyo katika makundi tofauti hayajumlishwi. Kichwa penye nywele, shingo, kiwiliwili, mikono na miguu ni kundi moja. Uso una kundi lake. Kwa majeraha mepesi ya kundi la kwanza, urefu usiozidi sentimita 2.5 ni 12001, tangu 2.6 hadi 7.5 ni 12002, tangu 7.6 hadi 12.5 ni 12004. Kwa uso, urefu usiozidi 2.5 ni 12011.

Chukulia mtoto ameanguka kutoka mwembeni. Ameshonwa kigasha sentimita 2.2, muundi sentimita 3.1 na shavu la uso sentimita 1.8, yote majeraha mepesi. Wanafunzi wengi watajumlisha yote na kupata 7.1. Jibu sahihi ni kwamba kigasha na muundi ni 2.2 + 3.1 = 5.3, yaani 12002. Na shavu pekee ni 1.8, yaani 12011. Hapa mtoto hujifunza kwamba kabla ya kujumlisha ni lazima ajiulize kama vitu anavyovijumlisha ni vya fungu moja. Ni kanuni ile ile inayomzuia kujumlisha pishi za mchele na mita za kitambaa.

Makosa ya kujihadhari nayo

Kosa la kwanza ni kutumia kovu la mtoto aliyemo darasani kuwa zana. Mwili wa mtoto si ubao. Mifano iwe ya kubuni, na daftari la majeraha la skuli lifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kosa la pili ni mwalimu kujifanya daktari. Asiandike "mfupa umevunjika" ikiwa alichokiona ni uvimbe na mtoto hawezi kunyanyua mkono. Aandike uvimbe, na aandike kwamba hawezi kunyanyua. Kuamua ni kazi ya wenye ujuzi.

Kosa la tatu ni kuchanganya lililoonekana na lililosikiwa. Jedwali la misimbo hutenga ajali na kupigwa, na tofauti hiyo ni nzito. Mtoto akifika asubuhi na alama za fimbo, mwalimu aandike alama alizoziona, kisha aandike "mtoto amesema" na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, na jambo lifikishwe kwa mwalimu mkuu siku hiyo. Asiongeze, asipunguze, wala asiandike "ameanguka" kwa kuwaonea haya wazazi. Neno hilo moja litampeleka mtoto katika fungu la walioanguka, na hakuna atakayekwenda kumtafuta huko.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba misimbo ni kazi ya makarani wa Hospitali ya Mnazi Mmoja, si ya mwalimu wa skuli ya shamba. Twakubali kwamba kuandika msimbo wenyewe si kazi yetu. Lakini karani aliyeketi mjini hakuwapo ufukweni. Hakukiona kigingi. Yeye hupokea maneno, na akiyapokea pungufu hana namna ya kuyakamilisha. Sisi tuliokuwapo ndio tuwezao.

Tangu siku ile, kila kundi la wanafunzi-walimu tunaolipeleka shamba hubeba kadi ndogo yenye maswali sita, ikiwa imegandishwa ndani ya jalada la daftari la maandalio. Yafaa nawe utengeneze yako kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi.

Mazoezi

1. Mtoto wa darasa la tatu amejikata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwa mbuzi ya kukunia nazi katika somo la kazi za mikono, na ukucha umepasuka. Andika barua inayojibu maswali sita, kisha taja msimbo wake.

2. Mtoto ameshonwa majeraha mepesi matatu: unyayo sentimita 4.4, kiganja sentimita 3.3, na kidevu sentimita 2.0. Panga majeraha hayo katika makundi, na utaje misimbo ya kushona.

3. Tafuta majina matano ya sehemu za mkono na mguu kwa wazee wa mahali utakapofundisha. Eleza jinsi utakavyoyatumia katika hatua ya kwanza ya somo.